Nitalipa, Shangazi

Darasa letu la Kihispania lilikuwa kwenye ghorofa ya kwanza ya kituo cha mtaa, hapa Salamanca, ng'ambo ya mto Tormes. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, na wengi wetu tulifika moja kwa moja kutoka kazini. Mimi nilitoka kuosha vyombo kwenye mgahawa, mikono ikinuka sabuni na kitunguu saumu. Jioni moja ya Novemba mwalimu aliandika vitenzi vitatu ubaoni, hablar, comer na vivir, yaani kusema, kula na kuishi, akatuambia kuwa leo tutapumzika.

Tulikuwa tumetoka kwenye wiki kadhaa za nyakati zilizopita, ambazo kwa Kihispania ni msitu. Wakati ujao, alisema, ni mteremko. Hukati mkia wa kitenzi kama tulivyozoea. Unakichukua kitenzi kizima na kukibandika kiishio. Viishio ni sita, na ni vilevile kwa makundi yote matatu ya vitenzi: -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Hablaré, nitasema. Hablarás, utasema. Hablará, atasema. Hablaremos, tutasema. Hablaréis, mtasema. Hablarán, watasema. Vipo vitenzi kama dazeni moja vinavyopinda kidogo katikati, tener ikawa tendré, hacer ikawa haré, lakini hata kwa hivyo viishio havibadiliki. Alama ya mkazo inakaa juu ya viishio vyote isipokuwa -emos. Basi. Somo limekwisha.

Kisha akamtaka kila mmoja achague kitenzi chake na kukizungusha kwenye nafsi zote sita. Dada mmoja alichagua bailar, kucheza dansi. Mzee mmoja alichagua dormir, kulala, tukacheka. Mimi nilichagua pagar, kulipa. Nikaanza: pagaré.

Mwalimu akaniinulia kidole. "Hilo," alisema, "si kitenzi tu. Hilo ni karatasi."

*

Sikuchagua pagar kwa bahati. Jumapili iliyotangulia simu yangu iliita mara mbili, jina la shangazi yangu likawaka kwenye kioo, nami nikaitazama mpaka ikanyamaza.

Mwaka 2019 nilipata nafasi ya kusoma hapa. Ada ililipwa, nauli haikulipwa. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, anakaa Tanga na anauza maandazi na vitumbua asubuhi. Alikuwa kwenye upatu na wanawake wenzake wa sokoni, na zamu yake ya kupokea ilikuwa imekaribia. Fedha ile ilikuwa ya mabati. Nyumba yake ilikuwa imeezekwa makuti upande mmoja na mabati yenye kutu upande wa pili, na alikuwa amekwisha kwenda dukani kuuliza bei. Alinipa shilingi 2,800,000. Hakuniandikisha popote. Alisema, "Ukipata utanirudishia." Nikasema, "Nitalipa, shangazi, inshallah."

Tangu siku ile nimesema nitalipa mara nyingi kuliko nilivyosema shikamoo. Nilisema mwaka 2020 wakati migahawa yote hapa ilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, na wakati ule hakuna ambaye angenilaumu. Nilisema mwaka 2021. Mwaka 2022 nilinunua simu mpya, nikampigia kwa simu hiyohiyo, nikasema nitalipa. Katikati ya miaka hiyo nilituma fedha nyumbani mara kwa mara: mchango wa harusi, mchango wa msiba, dawa za binamu. Hizo zilikuwa fedha zenye macho ya watu. Deni la shangazi halikuwa na macho ya mtu yeyote ila yake, na yeye hakulitaja. Aliuliza tu kama nimekula, na kama baridi imeanza.

Jambo linalonisumbua, na ndilo lililonifanya niandike haya, ni kwamba kila mara niliposema nitalipa sikuwa nikidanganya. Nilitaka kulipa. Ungenipasua kifua siku ile ungeikuta nia imekaa mle ndani, nzima. Basi ikiwa kila neno lilikuwa kweli siku liliposemwa, iweje jumla yake ifanane sana na uongo?

*

Pagaré, mwalimu alieleza, kwa Kihispania ni nafsi ya kwanza umoja ya kitenzi kulipa katika wakati ujao: nitalipa. Lakini pia ni nomino. Un pagaré ni hati ambayo mtu huandika na kutia saini akiahidi kumlipa mwingine kiasi fulani siku fulani. Wafanyabiashara huitumia kila siku. Mwenye duka anapokea mzigo leo, anampa msambazaji pagaré ya siku sitini au tisini. Wahispania wamelichukua neno moja kutoka kinywani mwa mdaiwa, wakaligandisha kama lilivyo, wakaliita jina la karatasi. Ni kama sisi tungesema, "Amenipa nitalipa ya laki tano, inaiva Machi."

Nilirudi chumbani nikatafuta sheria yenyewe. Ni ya mwaka 1985, sheria namba 19, na kifungu chake cha 94 kinaorodhesha vitu ambavyo pagaré lazima iwe navyo. Neno pagaré liandikwe ndani ya maandishi yenyewe. Iwepo ahadi ya kulipa kiasi kinachotajwa, na ahadi hiyo iwe safi na ya moja kwa moja, bila sharti. Itajwe siku ya kuiva, mahali pa kulipia, jina la atakayelipwa, tarehe na mahali ilipoandikwa. Na mwandishi atie saini.

Nikaipima nitalipa yangu kwa orodha hiyo. Neno lipo. Kiasi tunakijua sote wawili. Jina la atakayelipwa hata sikulitaja, kwa sababu nilikuwa nikizungumza naye. Siku ya kuiva hakuna. Na ahadi safi? Ilikuwa na masharti mawili, moja lake yeye na moja langu: ukipata, na inshallah.

*

Kabla ya kufika kwenye masharti, nirudi kwenye viishio vile sita, kwa sababu vina historia ambayo mwalimu aliitaja kwa kupita tu, nami sikuweza kuipita.

Warumi wa kale walikuwa na wakati ujao wa namna nyingine. Cantabit ilikuwa ataimba, na cantavit ilikuwa aliimba. Karne zilivyokwenda, watu wakaanza kutamka b na v kwa karibu sana, mpaka aliyeimba na atakayeimba wakawa hawatofautiani masikioni. Lugha haiwezi kuishi hivyo kwa muda mrefu. Jaribu kufikiria soko ambalo amelipa na atalipa vinasikika sawa. Kwa sababu hiyo na nyinginezo, wasemaji wa Kilatini cha mitaani walishika njia ya kuzunguka. Walisema cantare habeo, kwa neno na neno: kuimba ninako. Nina kuimba. Kuna kuimba kunakonikalia, kunakosubiri nikufanye.

Habeo hiyo ikasagika kwa matumizi, kama ngazi za mawe za misikiti ya zamani, ikabaki he, na he ikanata nyuma ya kitenzi. Ukiviweka viishio kando ya kitenzi haber cha leo utaona ukoo wao mara moja: he, has, ha, hemos, habéis, han; -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Pagaré ni pagar he. Kulipa ninako. Mwanazuoni Antonio de Nebrija, ambaye sarufi yake ya Kihispania ilichapishwa katika mji huu huu wa Salamanca mwezi Agosti 1492, siku chache baada ya Columbus kung'oa nanga, alikwisha kuliona hilo na kulieleza: wakati ujao wa lugha yake umejengwa kwa kitenzi kizima na haber. Na mpaka leo Mhispania akisema he de pagar, vipande vilevile kwa mpangilio wa kuachana, maana yake ni: inanipasa kulipa.

Kwa hiyo ndani ya wakati ujao wa Kihispania kuna mzigo. Asemaye pagaré anataja kitu alichonacho tayari leo, yaani ule wajibu wa kulipa. Fedha hana, siku haijafika, lakini wajibu anao, kama mtu aliyeshika mtungi wa mwenzake.

Sasa tazama chetu. Nitalipa: ni-ta-lipa. Hiyo -ta- imetoka wapi? Wataalamu wengi wa lugha wanasema imetokana na kitenzi taka, na mtu hahitaji kwenda chuo kikuu kuuona ushahidi. Ingiza kirejeshi katikati, na ile silabi iliyopotea inarudi: atakayekuja, nitakapofika, siku zitakazokuja. Hapo ni taka nzima, imesimama mlangoni. Nitalipa, kwa asili yake, ni nataka kulipa.

Niliposoma hivyo nilikaa kitako. Miaka yote nilikuwa nikisema kweli tupu kwa Kiswahili fasaha. Nilitaka kulipa, na sarufi ilinipa neno linalosema hasa hivyo.

*

Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, katika kitabu kidogo cha mwaka 1785, anampiga mfano mtu aliyebanwa na shida. Anahitaji kukopa. Anajua kuwa hataweza kurudisha, lakini anajua pia kwamba bila kuahidi hatapewa kitu. Je, aahidi? Kant anasema mtu huyo ajaribu kuifanya njia yake kuwa kanuni ya kila mtu. Kila mwenye shida akiahidi asichokusudia, hakuna atakayeamini ahadi tena, na ahadi yenyewe itakufa. Nilisoma mfano huo kwa faraja fulani, kwa sababu mimi si mtu yule. Mimi nilikusudia.

Faraja haikudumu. Mfano wa Kant unamtafuta mwongo siku ya kukopa. Haumsemi mtu ambaye siku ya kukopa alikuwa mkweli, na ukweli wake ukaoza polepole, Jumapili baada ya Jumapili, bila siku moja ambayo angeweza kuioneshea kidole na kusema, hapa ndipo nilipoanza kudanganya. Na mvua ya masika inayopita kwenye makuti haiulizi kama mdaiwa alikuwa na nia njema.

Aliyenifikia ni David Hume, Mskoti, ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka kati ya mwaka 1739 na 1740. Hume anauliza swali linaloonekana la kitoto: mtu anapoahidi, kitu gani kinatokea akilini mwake? Si kuazimia, anasema, maana azimio peke yake halimfungi mtu. Naazimia kila Januari kuamka mapema. Wala si kutaka, maana tunaweza kuahidi jambo tusilolitaka, hata tukatangaza kuwa hatulitaki, na ahadi ikatufunga vilevile. Kwake yeye, kinachofunga ni maneno yenyewe katikati ya watu walioyakubali maneno hayo kuwa kifungo. Ahadi haiko kifuani mwa mtu mmoja. Iko kati ya wawili.

Basi nia yangu njema niliyokuwa nikiitunza kama ushahidi haikuwa ahadi. Ilikuwa hali yangu ya moyo. Nilikuwa nikimpigia shangazi simu kumpa habari za moyo wangu, naye alikuwa akisubiri habari za mabati.

Lakini nisiitupie lugha yangu lawama. Waswahili waliojenga wakati ujao kwa taka walikuwa wajuzi, na walijua udhaifu wa taka. Ndiyo maana pembeni mwa sarufi waliweka methali. Ahadi ni deni. Maneno matatu tu, na yanafanya kazi ileile ambayo Warumi waliifanya kwa habeo. Dawa ya deni ni kulipa: si kueleza, si kuomba radhi, si kusikitika. Na ile inayochoma zaidi, kukopa harusi, kulipa matanga. Mhispania amelifungia deni ndani ya kitenzi, na huenda kwa sababu hiyo halisikii tena. Kwetu deni limebaki nje ya kitenzi, kwenye vinywa vya wazee na kwenye kanga, ambako mtu anaweza kulisikia kila siku na kujifanya kuwa linasemwa kwa wengine. Nimevaa methali hiyo kiunoni nikipika.

*

Sasa masharti.

Ukipata, alisema shangazi. Lilikuwa neno la upole. Hakutaka nilale njaa ugenini kwa ajili ya mabati yake. Lakini nani anaamua kuwa nimepata? Nililichukua neno lake la huruma nikajifanya hakimu wa kesi yangu mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi nilikaa kikao cha mtu mmoja, nikatoa hukumu: bado hajapata. Siku niliyonunua simu, nilikuwa nimepata. Kikao hakikuitishwa.

Na inshallah. Hapa natembea polepole. Mimi na shangazi ni Waislamu, na katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 23 na ya 24, tunafundishwa kutosema kuhusu jambo lolote kwamba tutalifanya kesho bila kulifungamanisha na mapenzi ya Mungu. Nalipenda fundisho hilo. Linamkumbusha mwenye kusema kuwa kesho si shamba lake. Lakini sheria ya Wahispania inataka ahadi isiyo na sharti. Ni nani mkweli zaidi, anayesema nitalipa tarehe tano, au anayesema nitalipa Mungu akipenda?

Kihispania chenyewe kina mabaki ya Kiarabu, tangu karne ambazo Waislamu walitawala sehemu kubwa ya nchi hii, na moja ya mabaki hayo ni ojalá, neno lililotokana na Kiarabu lenye jina la Mungu ndani yake. Leo linatumika kwa kutamani: heri iwe hivyo, Mungu ajaalie. Mwalimu alitupa kanuni yake wiki chache baadaye. Baada ya ojalá hatuweki wakati ujao. Husemi ojalá pagaré. Unasema ojalá pague, kwa hali ya kutamani: laiti nilipe. Sarufi imetenganisha vyumba viwili. Chumba kimoja ni cha dua na kingine ni cha deni, na kitenzi kimoja hakiwezi kukaa vyote kwa wakati mmoja.

Mimi nilikuwa nimeingiza vyumba hivyo kimoja ndani ya kingine. Inshallah, nijuavyo mimi, inazungumzia uwezo: nikifa, nikiugua, nikifukuzwa kazi. Haizungumzii bidii. Mtu anayesema nitapanda mahindi inshallah anakwenda shambani na jembe. Kinachobaki kwa Mungu ni mvua. Mimi nilisema inshallah kisha nikamwachia Mungu na jembe pia. Nilikuwa nikitamka dua kwa sauti ya ahadi, na shangazi, kwa adabu yake, aliitikia amina.

*

Siku nyingine darasani tulijifunza kwamba wakati ujao wa Kihispania una kazi ambayo haihusu kesho hata kidogo. Hutumika kukisia mambo ya leo. Ukiulizwa fulani yuko wapi na huna hakika, unasema estará en casa, atakuwa nyumbani. Wenzangu waliona ajabu. Mimi sikuona ajabu, kwa sababu sisi tunafanya hivyohivyo. Saa mbili usiku Salamanca wakati wa baridi ni saa nne usiku Tanga, nami huwa najiambia: shangazi atakuwa amelala. Kwa nini lugha mbili zisizo na udugu zikisie mambo ya sasa kwa vazi la kesho? Nadhani kwa sababu kisichoonekana ni kisichoonekana, kiwe mbali kwa siku au kwa maili. Lakini sentensi ile nilikuwa nikiitumia vibaya. Shangazi atakuwa amelala ilikuwa njia yangu ya kutopiga simu.

Jioni ileile kijana mmoja wa darasani kwetu, wa kutoka Nampula, Msumbiji, alituonesha kitu cha Kireno alichofundishwa shuleni. Mtaani hakuna anayesema hivyo, alisema, ni lugha ya vitabu. Ili kusema nitakulipa, Kireno cha vitabu kinakipasua kitenzi na kumweka mtu katikati: pagar-te-ei. Kulipa, wewe, ninako. Mwalimu alifurahi sana. Alisema Kihispania cha zamani kilifanya hivyohivyo, pagar te he, kabla vipande havijagandana na kumtoa yule mtu nje.

Nikakiandika kwenye daftari, na chini yake, bila kufikiri, nikaandika chetu. Ni-ta-ku-lipa. Nikakitazama. Sisi bado tunamweka katikati. Kati ya kutaka kwangu na kulipa kwangu kuna mlango mwembamba wa silabi moja, ku, na hapo amekaa mtu. Ndipo nikakumbuka. Miaka yote sikuwahi kusema nitakulipa. Nilisema nitalipa. Kama vile deni lilikuwa la umeme.

Sidai kwamba silabi moja ingeezeka nyumba. Wapo watu wanaosema nitakulipa vizuri kabisa na hawalipi. Lakini naamini sasa kuwa ulegevu wangu ulianzia hapo: nilikuwa nimeifanya kesho iwe jambo kati yangu na mimi, ninavyotaka, ninavyotarajia, ninavyojisikia, na nilikuwa nimemtoa aliyekuwa akisubiri.

*

Kitu cha mwisho nilichokisoma kwenye sheria ile kilikuwa kifungu kinachofuata, cha 95. Pagaré ikikosa baadhi ya vitu vilivyoorodheshwa, haiwi pagaré. Lakini ikikosa siku ya kuiva, haifi. Sheria inasema ihesabiwe kuwa inalipwa inapooneshwa. Siku yoyote mwenye nayo atakapoileta mbele yako, siku hiyo imeiva.

Nilikuwa nimeamini kinyume chake maisha yangu yote. Nilidhani ahadi isiyo na tarehe ni ahadi yenye nafasi, kama mhudumu wa hotelini anayekuambia nakuja huku akiondoka. Kumbe ahadi isiyo na tarehe imeiva tangu siku ya kwanza, inasubiri tu kuoneshwa. Na shangazi alikuwa akinionesha kila Jumapili. Kila alipouliza kama nimekula, alikuwa amesimama mlangoni na karatasi mkononi, na adabu ilimzuia kuinyoosha.

Kitenzi pagar chenyewe kinatokana na neno la Kilatini la kutuliza, kuleta amani, kutoka kwenye neno pax. Kulipa ni kumpa mtu amani. Nilijua kwamba nilimnyima shangazi fedha. Sikuwa nimehesabu kwamba nilimnyima pia uhuru wa kunipigia simu kwa ajili ya kunisalimia tu.

Jumapili nilimpigia mimi. Nilikuwa nimefanya hesabu kwenye daftari la Kihispania, chini ya viishio sita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, nitakulipa laki mbili kila tarehe tano, kuanzia mwezi ujao. Miezi kumi na minne."

Kukawa kimya. Nilisikia kuku, na mtoto wa jirani. Nilitegemea aseme usijisumbue mwanangu, na nilikuwa nimejiandaa kubisha. Hakusema hivyo.

"Ngoja," alisema, "nichukue kalamu."

Akaandika. Alinirudishia tarehe na kiasi kama karani. Kisha akasema inshallah, nami nikasema inshallah, na safari hii lilikaa mahali pake.

Nimekwisha kutuma mara nne. Mara tatu zilifika kwa wakati. Mwezi wa tatu nilichelewa: mshahara uliingia pungufu, nikajiambia nitatuma wiki ijayo, hatanuna. Tarehe sita alfajiri simu iliita kabla sijatoka kitandani. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani shangazi hakuuliza kama nimekula.

"Mwanangu," alisema, "hivi huko kwenu leo ni tarehe ngapi?"

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akanyamaza, akasubiri, nami nikaamka kutafuta viatu.